Hola, Mji wa Wenda kwa Miguu

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, jua la Hola ndilo linalotoa amri. Mwenye duka huteremsha turubai, mbuzi hujibanza kwenye ukuta wenye kivuli, na mwenye shughuli ndogo huiahirisha. Ikishaadhiniwa alasiri mji hutoka nje. Wanafunzi humwagika njiani kwa makundi, sare zao zimekolea vumbi. Watumishi wa kaunti hupitia sokoni kuchukua nyanya, ndizi na samaki wa mtoni. Vijana huelekea uwanjani viatu vimening'inia shingoni, na wazee hujikongoja na fimbo zao kwenda kuketi chini ya mti waliouzoea. Bodaboda zipo, tena nyingi, lakini mtu akitulia pembeni akatazama ataona kwamba sehemu kubwa ya Hola inakwenda kwa miguu.

Naandika haya kwa sababu makao makuu haya ya Kaunti ya Tana River hutajwa magazetini kwa mambo matatu tu: ukame, mafuriko na ugomvi wa ardhi. Mambo hayo ni ya kweli na nitayarudia. Ila kuna la nne lisilosemwa, nalo ni kwamba Hola ni mahali pazuri pa kuishi kwa sababu panatembeka, na kwa sababu anayetembea hapa hukutana na watu wa kila aina bila kuwatafuta.

Mwalimu, muuguzi au karani anayepata uhamisho wa kuletwa Hola hupewa pole na wenzake. Serikali yenyewe humlipa marupurupu ya mazingira magumu. Lakini mara nyingi anayetoa pole hizo anaishi Kitengela au Ruiru, anaamka saa kumi alfajiri awahi matatu ya kwenda Nairobi, na akirudi jioni watoto wamelala. Yule aliyepewa pole hutoka nyumbani Hola saa moja na nusu, hunywa chai na mahamri kwenye kibanda cha njiani, husalimiana na watu kumi, na kabla ya saa mbili yuko ofisini. Mchana akitaka hurudi kula kwake. Mtoto wake akiugua shuleni, mzazi hufika kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Sijaona marupurupu yanayoweza kununua muda huo katika jiji kubwa.

Kaunti hii ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 315,943. Nchi ni pana, watu ni wachache, na wengi wao wamejipanga kuufuata mto. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya kati hadi bahari ya Hindi. Kwenye kingo zake Wapokomo wamelima kwa vizazi vingi, wakipanda mpunga, mahindi, migomba na miembe kwenye udongo mweusi unaoachwa na maji yanaporudi nyuma. Nyuma ya mashamba hayo ndiko inakoanza nyika ya wafugaji, Waorma na Wawardei, ambao ng'ombe wao wakati wa mvua hutawanyika mbali na kiangazi kikikaza hawana budi kuufuata mto.

Sasa mkulima yuko ukingoni, mfugaji yuko nyuma yake, na maji yako mbele ya wote wawili. Wazee wa pande zote walilijibu tatizo hilo kwa malka, yaani njia pana inayoachwa bila kulimwa, kutoka nyikani mpaka mtoni, mifugo ishuke, inywe na kurudi. Malka haikuchorwa na mpimaji wa ardhi. Ililindwa na mapatano ya wazee, upande wa Wapokomo baraza lao la Gasa na upande wa Waorma wazee wao wenyewe, na ng'ombe alipoingia shambani au jembe lilipoingia njiani, shauri lilipelekwa kwa watu waliojuana kwa majina na kwa ukoo. Kwa hiyo haki ya kupita ilikuwa sheria ya nchi hii kabla ya chifu wa kwanza na kabla ya hati ya kwanza ya shamba. Wataalamu wa mipango miji wanaokuja Hola na ramani zao wangeanza kwa kuuliza malka ziko wapi, wangeokoa muda mwingi.

Nimeutaja mfumo huo mapema kwa sababu bila huo mtu hawezi kuelewa kwa nini sokoni Hola panaonekana jinsi panavyoonekana. Mwanamke wa Kiorma anayeleta maziwa na mwanamke wa Kipokomo anayeleta maembe hawakukutana pale kwa mpango wa serikali. Wanakutana kwa sababu kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, na kwa sababu kwa miaka mingi njia zao zimeishia mahali pamoja. Maziwa hubadilika kuwa unga, maembe hubadilika kuwa sukari na majani ya chai, na kati ya biashara hizo kuna habari: nani kajifungua, nani kahamia Bura, mvua imenyesha wapi. Habari hizo ndizo zinazomjulisha mfugaji aelekeze mifugo wapi, na zinamjulisha mkulima lini awatarajie wageni.

Halafu kuna historia nzito zaidi, ambayo kila mkazi wa Hola anatembea juu yake, awe anajua au hajui.

Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952, wafungwa wa Mau Mau walianza kuletwa hapa kutoka nchi ya baridi ya mlimani kuchimba mifereji ya umwagiliaji katika joto hili. Baadaye kukawa na kambi mbili. Moja ilikuwa ya wazi, ya wale waliokusudiwa kubakia uhamishoni maisha yao yote, wakipewa vipande vya ardhi walime. Nyingine ilikuwa ya kufungwa, ya wale waliokataa kabisa kushirikiana na waliowafunga. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 88 wa kambi ya pili walipelekwa shambani walazimishwe kufanya kazi, kwa mpango uliotungwa na ofisa wa magereza aliyeitwa John Cowan. Walipigwa marungu na askari. Wafungwa 11 walikufa, na 77 waliobaki walijeruhiwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji kwenye gari la maji. Uchunguzi ukaonyesha kwamba waliuawa kwa kipigo. Mwezi Julai mwaka huohuo jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza mpaka baada ya usiku wa manane, na wabunge wa vyama vinavyopingana, Barbara Castle wa Leba na Enoch Powell wa Wahafidhina, wakaishambulia serikali kwa sababu moja. Jina la Hola lilijulikana London kabla halijajulikana vizuri Mombasa.

Leo shule ya upili ya Mau Mau Memorial inabeba kumbukumbu hiyo, na wanafunzi wake hukatiza mji huu kwa miguu kwenda na kurudi. Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria. Watu walionyimwa ruhusa ya kwenda hatua mia nje ya waya bila mlinzi ndio waliochimba mifereji iliyoifanya Hola iwe mji, na kingo za mifereji katika mashamba haya zimekuwa njia za watoto, wakulima na wachungaji. Sidhani kuna heshima kubwa zaidi tunayoweza kuwapa marehemu wale kuliko kuhakikisha kwamba hakuna mkazi wa Hola anayezuiwa kupita katika ardhi waliyoifia. Makaburi yao yanastahili njia safi ya kuyafikia, yenye kivuli na benchi la kukalia, ili mzee mwenye miaka themanini anayetoka Murang'a kuja kumzuru ndugu yake asiombe lifti.

Baada ya uhuru mradi ulibaki. Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji iliundwa mwaka 1966, na mashamba ya Hola yakalimwa pamba na wakulima wapangaji, Wapokomo wengi, Waorma kiasi, na watu wa bara waliokuja kujaribu bahati. Nyumba ziliwekwa karibu na mashamba ili mtu atoke mlangoni akafungulie maji kabla jua halijawa kali. Mpangilio huo ulikuwa na kasoro zake, kwani mpangaji hakuwa na hati wala sauti kubwa juu ya bei ya pamba yake, lakini uliacha kitu kimoja cha maana: kazi, nyumba, shule na duka vilikaa umbali wa kutembea.

Kisha mto ukahama. Tana hujichimbia mkondo mpya unapopenda, na mwaka 1989 uliiacha sehemu ambayo mradi ulikuwa ukivuta maji. Mifereji ikakauka na pamba ikakoma. Ilichukua miaka mingi mradi kufufuliwa, safari hii kwa mahindi zaidi kuliko pamba. Mji uliotegemea zao moja ungeweza kubaki magofu. Hola haikufa, na kwa maoni yangu ofisi za serikali si sababu pekee. Watu walikuwa wamekwisha kujenga mambo mengine kati yao, kama vile misikiti na makanisa, ndoa, madeni ya dukani yasiyoandikwa, vikundi vya akina mama na timu za mpira. Hayo yote yanahitaji watu wanaoonana mara kwa mara, na wanaoonana mara kwa mara ni wale wanaopita njia moja.

Anayetoka msikitini kwenda steji jioni husikia Kipokomo, Kiorma, Kisomali, Kigiriama na lugha za bara, na Kiswahili kikizungushwa na kila mmoja kwa lafudhi yake. Kipokomo chenyewe kina sura nyingi, cha juu na cha chini, na mtu wa Ngao, huko chini, akizungumza hapa hutambulika mara moja. Juu ya mto wengi ni Waislamu. Chini, kuelekea delta, wengi ni Wakristo tangu wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani na wenzao wa Kimethodisti walipoweka makazi huko katika miaka ya 1880. Hola iko mahali ambapo pande hizi mbili zinachanganyika, na mchanganyiko huo hauishii katika hotuba za amani. Unaonekana siku ya msiba. Jirani akifiwa, mikeka hutandikwa nje, sufuria hukusanywa nyumba kwa nyumba, na waombolezaji hufika bila kuuliza marehemu alisali wapi.

Mwezi wa Ramadhani ndio unaouonyesha mji huu vizuri zaidi. Kabla ya magharibi akina mama hupanga meza za viazi karai, bajia, kaimati na tende kando ya njia, na hata wasiofunga hujaa kununua. Baada ya tarawehe mitaa haina mlango uliofungwa. Watoto hukimbizana, vijana hubishana mpira, na wazee huzungusha kahawa tungu mpaka saa tano usiku. Msichana anayetumwa dukani saa tatu usiku hupita mbele ya macho ya watu wengi wanaomjua yeye na mama yake. Hilo ni jambo la usalama zaidi kuliko taa yoyote, ingawa taa nazo zinahitajika.

Mwandishi wa Marekani Jane Jacobs alilisema jambo linalofanana na hilo mwaka 1961 katika kitabu chake kuhusu uhai na kifo cha miji mikubwa ya nchi yake: mtaa hulindwa kwanza na wanaoutumia, wenye maduka, wapita njia na wanaotazama dirishani, kabla ya polisi. Na mwaka 2020 meya wa Paris, Anne Hidalgo, aliomba kura tena akiahidi jiji ambalo kila mkazi atapata shule, duka, daktari na bustani ndani ya dakika 15 kwa miguu au kwa baiskeli, wazo lililoenezwa na profesa Carlos Moreno. Ulaya sasa inatumia fedha nyingi kuyarudisha mambo haya baada ya kuyabomoa kwa ajili ya magari. Hola bado inayo. Tofauti ni kwamba Paris inajua thamani ya inachokitafuta, na sisi hatujui thamani ya tulichonacho.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Anayetoka Hola akashuka Garsen, akapita Witu mpaka Mokowe na kuvuka maji, atafika Lamu, ambako Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Watalii husema wanapenda milango ya nakshi. Mimi naona uzuri mkubwa zaidi wa Lamu ni upana wa njia zake. Nyumba za mawe zimekaribiana kiasi kwamba adhuhuri ukuta mmoja huupa mwingine kivuli, na mzigo hubebwa na punda. Madaka yaliyo mlangoni humpa mpita njia mahali pa kuketi hata kama hakualikwa ndani. Waliojenga walijua joto ni nini na wakalijibu kwa akili. Hola haina mawe ya matumbawe wala haiwezi kuwa kisiwa, lakini inaweza kujifunza kutoka Lamu kwamba katika nchi ya joto kivuli, kikalio na ukaribu ndivyo vinavyoufanya mji utembeke.

Utamaduni nao una njia zake za kutembea. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikitafuta wimbo wa taifa, tume iliyokuwa na akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi ilichagua sauti iliyotokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Kila Mkenya anayesimama wima mbele ya bendera anaimba sauti ambayo mama wa Tana alimtulizia mwanawe. Lakini ngoma kuu ya Wapokomo, ngadji, ambayo ndiyo iliyokuwa sauti ya mamlaka yao, ilichukuliwa na wakoloni na imo katika British Museum, London, tangu mwaka 1908. Wapokomo wameidai. Ikirudi, ningependa iwekwe mahali ambapo mtoto wa shule atafika kwa miguu, si katika jumba la makumbusho la mbali analohitaji nauli kuliona. Hola haina jumba la utamaduni la kiasi cha historia yake, na hili ni pengo ambalo bajeti za kaunti zingeweza kuliziba kidogo kidogo.

Sitaki kuupamba mji huu uso. Kutembea Hola kuna adha zake, na anayeumizwa nazo zaidi ni maskini. Februari na Machi ardhi huchoma kupitia soli ya ndara. Mathenge, mti ulioletwa kwa nia ya kuzuia jangwa na kutoa kuni, umegeuka ukuta wa miiba. Umeziba vijia vya kwenda mtoni, umemeza sehemu za malka, na mwiba wake hutoboa tairi la baiskeli sembuse unyayo. Mtoni wenyewe kuna mamba, na wanaokwenda kuchota maji kwa hofu hiyo ni wanawake na watoto. Mvua kubwa zinaponyesha mlimani na mabwawa ya juu kama Masinga na Kiambere kufurika, maji hushuka na kuzifanya njia kuwa vidimbwi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 hayajasahaulika, na yale ya 2018, 2023 na 2024 yaliwaondoa watu wengi wa Tana River majumbani mwao. Katika siku hizo mtumbwi ndio huwa mguu.

Na kuna jeraha la 2012. Kuanzia Agosti mwaka huo hadi Januari 2013, katika delta, upande wa Garsen, Wapokomo na Waorma waliuana. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao vikawa vijiji vya kutajwa kwa machozi, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku. Hola haikuwa uwanja wa mauaji hayo, lakini hofu ilisafiri. Ugomvi ule ulichochewa na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia na mengine mengi, ila chini kabisa kulikuwa na swali lilelile la mashamba na malka: nani apite wapi. Njia zilipofungwa, watu waliacha kuonana, na wasioonana huaminishwa lolote. Ndiyo maana nakataa kuichukulia habari ya njia za miguu kuwa anasa ya miji tajiri. Katika Tana River ni habari ya uhai.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Hola imekua haraka. Ofisi za kaunti, idara zake, benki, hoteli na nyumba za kupanga zimeleta ajira na fedha, nami nafurahia hilo. Ninachokiogopa ni namna ya kukua. Kila ofisi mpya inataka ua mrefu na lango moja. Kila ua mrefu unakata kijia ambacho watu walikuwa wakipita kwenda kisimani au shuleni, nao wanalazimika kuuzunguka kwenye jua. Miti hukatwa kwanza, jengo hujengwa, kisha mwavuli wa turubai huwekwa mlangoni kwa ajili ya wageni. Barabara za lami za mjini huchorwa kwa kuhesabu magari, na mtembea kwa miguu huachiwa mtaro. Hatari yake si ya kudhania. Ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 nchini Kenya kila mwaka, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lolote. Kila lami mpya inaporahisisha mwendo wa bodaboda na malori bila kumwekea mtembezi njia yake, tunajiandalia majeneza.

Garsen unatoa funzo hapa. Ni mji wa njiapanda, mahali ambapo njia ya Lamu hukutana na ile ya Malindi na Garissa, na magari ya safari ndefu hupita humo. Maduka yameifuata barabara, na watu nao wakayafuata maduka. Kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili kunataka tahadhari. Hola nayo iko karibu na barabara kuu ya Garissa na Malindi. Ikiwa haitajipangia mapema, biashara zitaikimbilia lami hiyo, soko litafuata, na mji utajikuta umejinyoosha kando ya malori huku moyo wake wa zamani, ule ulio karibu na mto, ukidhoofika.

Nini kifanyike? La kwanza, na kwangu ni kubwa kuliko yote, malka ziandikwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao, na sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii ni ya namna hiyo. Njia za mifugo na za watu zikiingizwa katika ramani kabla ya viwanja kugawanywa, hakuna atakayeweza kuziuza kimyakimya. Zikisahauliwa, tutazitafuta baadaye mahakamani, au mahali pabaya kuliko mahakamani. Kazi hii haihitaji mshauri kutoka Nairobi. Wazee wa Gasa na wazee wa Waorma wakitembezwa pamoja kwa siku chache, na vijana wenye simu wakiandika wanachoonyeshwa, ramani itapatikana.

Manispaa nayo ijenge kwa kumfikiria mtembezi wa saa saba mchana. Njia ya kutoka hospitali ya rufaa kwenda sokoni ndiyo inayopitwa na wagonjwa, wajawazito na wanaobeba chakula cha wagonjwa. Ningeanza na hiyo. Miti ipandwe pande zote mbili, na iwe ile iliyokwisha kuthibitisha kwamba inaweza Hola, mwarobaini na mwembe, badala ya mapambo yanayohitaji kunyweshwa kwa lori. Mathenge yang'olewe kwenye vijia kwa kazi za vijana za malipo, kisha vijia vishughulikiwe kila mwaka, maana mathenge hurudi. Kingo za mifereji zisawazishwe, na mahali pa kushukia mtoni pawekewe uzio dhidi ya mamba. Nyua za ofisi zipunguzwe urefu na ziongezewe malango, ili kijia cha zamani kipite.

Kuna atakayesema kaunti yenye ukame na njaa haina fedha za kupanda vivuli. Mche wa mwembe ni bei ya chai. Gharama kubwa ni kuujali kwa miaka mitatu ya kwanza, na kazi hiyo shule zinaweza kuifanya iwapo kila darasa litapewa mita zake za njia. Wanaotakiwa kuamua haya wanakaa katika vikao vya maoni ya wananchi juu ya bajeti, vikao ambavyo kisheria kila kaunti lazima iviite. Mama wa maziwa, mwanafunzi, mzee wa fimbo na kijana wa kiti cha magurudumu wanapaswa kuketi humo pamoja na wakandarasi, na kikao kifanyike sokoni baada ya alasiri, saa ambayo wao wapo.